Hita ya Gudveig Lauvhaug

Gudveig Lauvhaug, binti wa Ola Lauvhaug aliyevusha mifuko ya posta mlimani kwa skii, zile mbao za kutelezea theluji, tangu ujana wake mpaka magoti yalipomgomea, mjukuu wa Marit aliyefukiwa na dhoruba ya theluji pamoja na mbuzi wake, akachimba shimo, akalala humo, na kesho yake akatoka na mbuzi akiwa bado anakamulika, ndiye mwanamke wa kwanza katika bonde la Hovsdalen kukabidhiwa usukani wa lori la maziwa. Wanaume wa kiwandani walisema hatamaliza msimu mmoja wa baridi. Aliendesha mpaka wao wakastaafu mmoja baada ya mwingine, akawa anawapigia honi akiwapita wamesimama uani na mikongojo yao. Ndiye aliyempeleka mkunga shamba la juu kabisa, siku theluji ilipofunika hata nguzo za barabara, na mtoto aliyezaliwa siku ile akaitwa Sigbjørn, na Sigbjørn huyo leo ndiye dereva wa basi la mlimani. Ukoo ule haukutishwa na theluji. Waliijua kama mwashi anavyoyajua matofali.

Alipostaafu, jamaa walitazamia anunue kiti cha kubembea na kuanza kulalamikia viungo. Yeye akanunua gari-nyumba: jeupe, refu, kitanda nyuma, jiko katikati, na choo ambacho mtu hukikalia magoti yakigusa mlango. Lilikuwa limetumika, nalo lilikuja bila hita. Gudveig akatafuta hita ya dizeli, akaifunga mwenyewe chini ya kiti cha abiria. Ni kidude kidogo, hakizidi ukubwa wa mkate. Kinavuta mafuta kwenye tangi la gari tone kwa tone, kwa pampu inayolia tik, tik, tik, kinayachoma ndani kwa ndani, na feni inapuliza hewa moto sakafuni. Na moto wake unataka kupumua kama moto wowote. Bomba moja linavuta hewa safi kutoka chini ya gari, bomba jingine linatema moshi huko huko chini ya gari. Miaka yote hiyo hita ile haikuwahi kumwaibisha.

Kwetu Pasaka haikaliwi mabondeni. Mtu hupanda mlimani na skii zake, machungwa yake na soseji zake, akakae juani mpaka pua imbabuke. Wenye vibanda huenda vibandani, na wenye magari-nyumba wa Hovsdalen hukusanyika kwenye kiwanja cha Grønskard, juu ya msitu, mahali ambapo upepo haujawahi kuambiwa subiri. Ndiyo maana kila gari hujengewa ukuta wa theluji upande wa upepo, na upande wa jua huchimbwa shimo la kukalia, likatandikwa ngozi ya kulungu wa theluji, mtu akajilaza humo na chungwa lake kama mfalme. Jumamosi ya Pasaka, saa nane mchana, Kjellaug mwenye kiwanja hupita na kikombe chake cha kahawa akikagua kuta. Mwenye ukuta bora hupewa kona ya kusini mwaka unaofuata, ile inayopata jua la kwanza na la mwisho. Gudveig alikuwa ameishika kona ile muda mrefu kiasi kwamba watu waliiita kwa Gudveig. Matofali yake ya theluji aliyakata kwa msumeno na kuyapanga kwa pima maji. Ndiyo, pima maji, ile ya mafundi wa nyumba. Waliomcheka mwanzoni baadaye walikuja kuiazima.

Lakini mwaka huo kona haikuwa jambo kubwa kuliko yote. Mwaka huo alikuja na Torine.

Torine ni mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki. Mumewe, Halvor, alikuwa amezikwa majira ya vuli, na tangu siku hiyo Torine alikuwa akikaa dirishani jikoni kwake anatazama barabara, wala hakuna anayemngoja. Anachemsha kahawa, hainywi. Anamwagilia maua ya dirishani, hayaoni. Gudveig alikuwa akimpitia na kumwona akipungua kama mshumaa. Akawa na mpango moyoni: kiangazi kikija, ampakie mdogo wake garini, waende kaskazini kabisa, pwani, ambako jua halizami, wakae huko mpaka Torine akumbuke kugombana na watu kama zamani. Tatizo ni kwamba Torine, maisha yake yote, aliliita gari lile kopo. Msimu mzima wa baridi ulikwisha katika kumbembeleza aje kwa Pasaka tu, na alipokubali, alikubali kwa sharti.

"Nakuja, dada," alisema. "Ila siku nikiamka nikaiona pumzi yangu mwenyewe humo ndani, nashuka na basi la saa tisa. Na hayo mambo yako ya kaskazini usinitajie tena."

"Humo ndani utatafuta dirisha la kufungua," Gudveig akamjibu.

Walipanda Alhamisi, hita ikawaka vizuri kabisa. Ijumaa Gudveig akajenga ukuta wake. Alipomaliza, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Torine alikuwa ametaja, kwa kupita tu, kwamba miguu yake inaona baridi sakafuni. Basi Gudveig akalivalisha gari marinda. Akazungusha matofali ya theluji pande zote, kuanzia ubavuni mwa gari mpaka chini, akaziba nyufa kwa theluji ya unga, pasibaki hata tundu la panya, ili upepo usipite chini ya sakafu na kumgusa mdogo wake nyayo. Upande wa jua, marinda yalishuka mpaka kwenye shimo la Torine, yakawa kiegemeo cha mgongo wake. Watu walikuja kutazama. Jirani yao, Oddvar, mpishi wa meli aliyestaafu, mtu wa Bergen, alilizunguka gari mikono ikiwa nyuma.

"Bi Gudveig, hili ni gari au keki ya arusi?"

"Ni gari, jirani. Wewe wa Bergen umezoea mvua, theluji utaijulia wapi?"

"Tunaijua sana. Kwetu inaanguka ikiwa imeshayeyuka."

Akaenda zake, na kabla jua halijazama gari la Oddvar nalo lilikuwa na marinda, yamepinda kama meno ya mtoto. Wengine wawili watatu nao wakaiga. Gudveig aliwaona, akajifanya hakuwaona. Kuigwa ni kitu alichokuwa amekizoea.

Jumamosi asubuhi Torine aliamka, akaketi kitandani, akapiga mwayo. Pumzi ikamtoka nyeupe, ikaelea mbele ya uso wake, ikapotea taratibu. Aliinama akavuta begi lake kutoka chini ya kitanda.

"Torine, subiri."

"Nimesubiri tangu alfajiri, nimekuwa samaki wa friji. Basi bado linapita saa tisa?"

"Saa tisa. Nipe mpaka hiyo saa tisa."

Torine alimtazama dada yake, nywele zimesimama, soksi za sufu zimepishana rangi. "Haya. Begi linakaa mlangoni," akasema. "Mimi nakwenda kukaa juani. Nje kuna joto kuliko humu."

Kidude cha ukutani kinachoiongoza hita kilikuwa kimeandika namba, ile ya kusema moto uliwaka kisha ukazimika wenyewe. Namba ile haisemi kwa nini. Ni kama mtoto anayekuja kukuambia ameanguka, lakini hasemi alikuwa amepanda wapi. Gudveig akafunga kitambaa kichwani, akaanza kama alivyokuwa akianza na lori: kwanza kile kinachofikika kwa mkono, ndipo kile cha kulalia chini.

Betri ilikuwa na nguvu, taa zinawaka kama za kanisani. Fyuzi nzima. Dizeli alikuwa amejaza Hovsdalen, dizeli ya baridi. Si kama wale wanaopanda kutoka kusini na mafuta ya kiangazi tangini, wakifika juu yanaganda kama shahamu ya kondoo kwenye sufuria. Akawasha. Plagi ya kuwashia ikapata moto, pampu ikaanza tik, tik, moto ukashika, hewa ya uvuguvugu ikamgusa vifundo vya miguu. Akasimama kimya akisikiliza. Hewa ikaendelea kupanda joto, kisha ikapoa. Feni ikazunguka kidogo kwa heshima, ikanyamaza.

"Imekohoa," Torine akasema kutoka shimoni.

"Nimesikia."

"Nakuambia tu."

Ikabidi aingie chini. Upande wa kivulini, karibu na mabomba, aliondoa matofali matatu ya marinda kwa uangalifu, kama mtu anayetoa vyombo vya kaure kabatini, akayalaza pembeni kwa mpangilio. Akatandika gunia, akateleza chini ya gari kwa mgongo. Alishuku chujio la mafuta. Alikuwa nalo jingine kwenye sanduku lake, akalibadilisha, vidole vikimuuma kwa baridi. Kisha akapiga kelele Torine abonyeze swichi. Hita ikawaka. Ikanguruma vizuri, ikaendelea kunguruma, naye akalala pale chini akiisikiliza kwa raha mpaka mgongo ulipomkataza.

Akatoka, akayarudisha matofali yake, akayapima kwa pima maji, akaziba nyufa. Akaingia ndani akachemsha kahawa. Torine naye akaingia, akavua glavu, akaweka mikono mbele ya tundu la hewa moto.

"Ilikuwa chujio," Gudveig akasema, akikata jibini ya kahawia kwa madaha. "Kitu kidogo tu."

"Haya. Nikiri, hapa pazuri."

Gudveig akajaza kikombe cha pili. Hakikufika nusu. Hewa ikapoa, feni ikazunguka, ikanyamaza. Wakatazamana. Torine akavaa glavu zake moja moja, polepole, akarudi kwenye shimo lake bila kufunga mlango.

Mara ya pili Gudveig alifungua matofali yale yale, akateleza chini, akafuata nyaya za pampu kwa tochi. Akapata kiungio kimelegea. Akakikaza. Hita ikawaka, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Oddvar alikuwa amekuja kusimama karibu, kofia ya masikio kichwani, sweta juu ya sweta, amekunja mikono kwapani.

"Bi Gudveig, hiyo ndiyo ile hita isiyoharibika?"

"Haijaharibika. Waya ulilegea. Kwako vipi?"

"Kwangu ni kiangazi," Oddvar akasema, akipandisha kola ya sweta mpaka puani.

Gudveig akatoka, akayarudisha matofali, akapima, akaziba. Bado alikuwa anajipangusa theluji magotini hita ilipokohoa na kuzimika.

Torine alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kama mlango uliofungwa muda mrefu. "Ukiwa chini yake inakaa na adabu," akasema, "ukiipa mgongo tu, imekwisha. Kama Halvor na kuosha vyombo."

Jina la Halvor lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu mazishini. Kisha Torine akasema, "Alikuwa anafungua bomba la maji ili nisikie, huku anasoma gazeti," na safari hii wakacheka pamoja mpaka Oddvar akatabasamu bila kujua wanacheka nini. Lakini begi lilikuwa bado mlangoni, na jua lilikuwa limeshavuka katikati.

Mara ya tatu aliing'oa plagi ya kuwashia. Ilitoka nyeusi, imevaa masizi laini, ya unyevu, mapya. Gudveig akaipindua kwenye kiganja. Alijua masizi yale. Ni ya moto uliokosa hewa. Akaisafisha kwa brashi, kisha akalifungua bomba la kuvutia hewa na kulipuliza kwa mdomo upande mmoja akiweka mkono upande wa pili. Pumzi ikapita safi. Halina theluji, halina kiota, halijakunjwa. Akakaa kwenye gunia amenuna. Bomba liko wazi, na moto unakufa kwa kukosa hewa. Lori lake halikuwahi kumwambia uongo kiasi hiki. Akarudisha kila kitu mahali pake, akawasha, na bila shaka hita ikawaka.

Saa nane ilikuwa inakaribia. Kule mwanzo wa kiwanja Kjellaug alikuwa ameshatoka na kikombe chake, amesimama mbele ya ukuta wa kwanza, kichwa ameinamisha upande kama mnunuzi wa farasi. Marinda yenye pengo yasingepata kona hata kwa rushwa. Gudveig akainua tofali la kwanza.

"Dada, usiweke kwanza," Torine akasema kutoka upande wa pili wa gari. "Ngoja nimalize chungwa langu."

"Tofali langu na chungwa lako vimekutana wapi?"

"Vinakutana hapa puani. Kila ukiziba huko kwako, huku kwangu kunanuka dizeli. La kwanza nimelila hivyo hivyo. La pili nimewarushia kunguru, wamelinusa wakaniachia."

"Torine, moshi unatokea upande huu. Huko kwako haufiki."

"Mimi sijui unatokea wapi. Najua unafikia wapi. Unatokea hapa, nyuma ya mgongo wangu, kwenye ufa huu uliochimbwa na jua. Ukiondoa matofali yako, unakwisha. Nimekuambia tangu asubuhi chungwa linanuka, ukasema nianze kula soseji."

Ni kweli alisema hivyo. Gudveig alibaki amesimama, tofali limemwelemea kifuani, theluji ikimyeyukia kwenye sweta. Kama moshi unatoka kwenye ufa wa shimo la Torine, basi umelivuka gari zima kwa chini. Na kama umelivuka gari zima kwa chini, ni kwa sababu hauna pengine pa kupita. Alikuwa ameziba pande zote, kwa ufundi wote alionao, hakuacha hata tundu la panya. Hita inatema moshi chini ya gari, moshi unajaa, na bomba la pili, lililo safi kabisa, linavuta moshi ule ule badala ya hewa. Moto unameza pumzi yake mwenyewe mpaka unakufa. Akifungua matofali ili aingie chini, hewa inaingia pamoja naye, na chochote atakachogusa siku hiyo kitaonekana kuwa ndicho kilichokuwa kibovu. Angeweza kubadilisha hata taulo la jikoni, hita ikawaka.

Halafu likamjia jambo jingine, na hilo halikumchekesha. Moshi unaotafuta njia chini ya sakafu unaweza kuipata njia hiyo kuja juu, kitandani, walipolala wawili. Aliingiza kichwa mlangoni akakitazama king'ora cha moshi wa sumu pale darini. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa kama kawaida. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemshukuru mlinzi.

Tusimfanye malaika. Wazo la kuacha tundu moja na kulificha kwa ubao mpaka Kjellaug apite lilimjia, likakaa naye kidogo. Marinda yale yalikuwa yamefungamana na ukuta, tofali juu ya tofali, kama mwashi mzuri anavyofanya. Kuyavunja ni kuuangusha ukuta mzima, na kona pamoja nao. Lakini upepo hugeuka, na tundu moja upepo ukigeuka ni sawa na hakuna. Akaliangalia begi la Torine pale mlangoni, limefungwa mkanda mpaka tundu la mwisho. Akachukua beleshi.

Pigo la kwanza lilizama kwenye marinda upande wa nyuma. La pili likaleta ukuta chini kwa sauti nzito, kama theluji ya paa inavyoporomoka. Oddvar akaja mbio, sweta zote mbili zikimruka tumboni.

"Bi Gudveig, umepatwa na nini? Kjellaug yuko pale kwenye gari jekundu."

"Hita yako inawaka, Oddvar?"

"Inawaka."

"Sasa hivi?"

Oddvar akakuna sikio kupitia kofia. "Inawaka na kupumzika. Zaidi inapumzika."

"Tangu lini?"

"Tangu jana nilipomaliza hayo marinda." Akashusha sauti. "Nimelala na buti. Nilidhani ni ya kwangu tu, nikaona nitawaambiaje watu. Wewe ungenitania mpaka Pasaka ijayo."

"Ningekutania mpaka Krismasi. Kamata beleshi, fungua chini pande zote. Moshi unarudi humo humo."

Kisha akasimama juu ya kifusi cha ukuta wake na kuita kwa sauti ile aliyokuwa akiwaitia wakulima waliochelewa kutoa madumu ya maziwa, kwamba kila aliyeiga marinda yake ayafungue sasa hivi, na asiyejua sababu afungue kwanza, atauliza baadaye. Sauti ile Hovsdalen nzima inaijua. Mabeleshi yakatoka. Wakagundulika wengine waliokuwa wameamka wanatetemeka na kunyamaza, kila mmoja akidhani aibu ni yake peke yake.

Kjellaug alipofika, kiwanja kilikuwa kama uwanja wa vita. Akazunguka na kahawa yake iliyopoa, akitafuta cha kukagua. Kulikuwa na ukuta mmoja tu uliobaki umesimama upande ule, nao ulikuwa wa Oddvar. Marinda yake hayakuwa yamefungamana na chochote. Oddvar aliyapiga teke mara moja yakaanguka yenyewe, ukuta haukuhisi kitu. Ulikuwa umepinda, una tumbo katikati, lakini ulikuwa umesimama.

"Basi ni huu," Kjellaug akasema. "Siwezi kutoa kona kwa rundo."

Oddvar alifurahi kwa aibu, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na mwenyewe anamwona. Gudveig akaenda akampa mkono.

"Kona ni yako, jirani. Usituletee mvua huko."

Akarudi kwake, akavuka kifusi, akaingia ndani. Aliiweka hita kwenye moto wa juu kabisa ili iyachome masizi iliyobaki nayo. Pampu ikapiga tik-tik-tik kwa haraka. Torine naye akaingia, akaketi kitandani. Gudveig alikaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwa mdogo wake, akitazama barabara. Hakumwambia abaki. Alikuwa ameshasema yote msimu mzima wa baridi, na alikuwa na kiburi chake. Nyuma yake alisikia Torine akivua sweta. Baada ya muda akasikia dirisha la juu ya kitanda likifunguliwa.

Basi la saa tisa lilitokea kwenye kona, likasimama, na Sigbjørn akapiga honi, kwa sababu Torine mwenyewe alikuwa amemwambia Alhamisi kwamba huenda atamhitaji. Torine akatoka. Akachukua begi lake, akampita dada yake kwenye ngazi, akateremka kwenye njia ya theluji. Gudveig akasimama. Mikono ilikosa kazi, akaifutia kwenye suruali.

Torine alifika mlangoni mwa basi, akaliweka begi chini, akafungua mfuko wa pembeni, akatoa ufunguo.

"Mpe jirani yangu wa ng'ambo ya barabara," akamwambia Sigbjørn. "Mwambie amwagilie maua ya dirishani. Na mwambie asikae hapo kunichungulia, mimi nitachelewa kurudi."

"Mpaka lini, shangazi?"

"Muulize yule," Torine akasema, akaelekeza kidole nyuma bila kugeuka. "Anataka kunipeleka mahali jua halizami. Mimi nimemwambia nitalalaje na mwanga machoni, hasikii."

Sigbjørn akapiga honi tena, safari hii kwa ajili ya Gudveig, kama alivyokuwa akimpigia kila anapopita. Torine akarudi na begi lake, analiburuza, analalamika kwamba ni zito na hakuna mtu anayetoka kumsaidia. Gudveig akatoka kumsaidia.

Asubuhi ya Pasaka yenyewe ilikuwa tulivu, jua linamulika mpaka unafumba macho. Kengele za kanisa la Hovsdalen zilisikika kwa mbali kutoka bondeni. Gudveig alimwita mdogo wake nje kabla ya kahawa, akapiga magoti upande wa kivulini mwa gari, akamwonyesha kwa kidole.

"Hili linavuta. Hili linatema. Kila asubuhi, kabla hujagusa sufuria, unakuja hapa. Unaondoa theluji pande zote, pawe wazi huku na huku, upepo upite. Theluji ikianguka mchana, unakuja tena. Mara moja kwa juma tunaiweka moto wa juu mpaka imalize masizi yake. Na ukisikia harufu yoyote, unaniambia. Na mimi nikikujibu ule soseji, unaniambia tena."

"Kwa nini mimi? Hita ni yako."

"Kwa sababu mimi nilichukua siku nzima kutafuta kitu ulichokinusa kwenye chungwa."

Gudveig akasimama kwa kushikilia kioo cha gari, magoti ya Ola Lauvhaug yakimlia ndani ya suruali, akachukua beleshi lililoegemea mlangoni. Mpini wake ulikuwa wa mti wa mbetula, umelika katikati pale mikono ya baba yao ilipokuwa ikishika, enzi za mifuko ya posta.

"Hili la baba," akasema. "Nimekaa nalo peke yangu vya kutosha. Ukiniona mimi, au Oddvar, au mtu mwingine yeyote anaweka tofali karibu na mabomba haya, mpige nalo, halafu ndiyo umuulize."

Torine akalipokea, akalipima uzito kwa mikono miwili, akamtazama dada yake juu mpaka chini kama anayechagua pa kupiga.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Ile pembe pale bado ina theluji. Anza."